Mwambie kabla ya nikaha: barua kwa mwanangu

Mwanangu mpenzi,

Assalaam alaykum warahmatullahi wabarakatuh. Ama baada ya salamu, sisi huku Amu, Lamu yetu, ni wazima, alhamdulillahi. Mguu wa baba yako umepungua kuvimba na ameanza tena kwenda karakana, dada yako yumo katika mitihani, na mimi siumwi kitu ila hili nililolisikia kwa shangazi yako, ambalo tangu juzi limenikaa kifuani.

Shangazi ameniambia alikuja kwako na mama wa mchumba wako kupima madirisha kwa ajili ya mapazia. Wakaiona ile mashine ya gemu chini ya tivii, na pedi zake mbili za kuchezea juu ya kabati la vitabu. Mkweo akauliza, hii ni ya nani? Nawe, mwalimu wa sekondari, mwanamume wa miaka 33, ukajibu kuwa ni ya mpwa wako, kaisahau alipokuja likizo. Mpwa wako ana miaka 6 na hajatia mguu Malindi tangu kuzaliwa. Shangazi alikuwa akicheka kwenye simu. Mimi nilishindwa kucheka. Nikamwambia nina chungu motoni, nikakata.

Mwambie yule binti, mwanangu. Mwambie kwa kinywa chako kwamba mashine ni yako, kwamba unacheza gemu, umecheza tangu utotoni na huna nia ya kuacha. Na umwambie kabla ya nikaha. Mfungo Saba, mwezi wa harusi, si mbali. Ukishaoa bila kumwambia, jambo hili dogo litakuwa limekua, na hutaweza tena kulirudisha udogo wake.

Sikuandikii kukukataza gemu. Ningetaka kukukataza ningekukataza ulipokuwa ukila kwangu. Usidhani pia kwamba baba yako ndiye aliyenituma. Baba yako ana yake, nitayafikia. Hili ni langu mwenyewe, na nitalirudia katika barua hii mpaka uchoke, maana najua tabia yako ya kusema "sawa, Mama" na kuliacha neno lipite.

Kuna habari moja ambayo sidhani nimewahi kukusimulia. Baba yako alipokuja kuniposa, babu yako alipita mtaani kumuulizia, kama ilivyo ada. Akaambiwa kijana ni mwaminifu, nakshi za milango anazijua kuliko waliomfunza, hakosi swala ya jamaa msikitini, ila bao amelipenda kupita kiasi. Babu yako hakulificha hata hilo. Alikuja akaniketisha akaniambia yote, akamaliza kwa kusema, "Huyu utamngoja sana jioni." Nikafikiri siku kadhaa, nikakubali. Nilikubali nikijua.

Na kweli nimemngoja. Mara ngapi nimeketi na sinia la wali limefunikwa kawa, samaki wa kupaka ameshikana na nazi yake kwa baridi, na yeye yuko Mkunguni mbele ya ngome, kichwa amekiinamisha juu ya yale mashimo 32, anatafuta mtaji, kete za kula. Ukimtuma mtoto amwite anajibu "nakuja" bila kuinua macho. Kuudhika nimeudhika, sana. Lakini kudanganywa sikudanganywa, na hiyo ndiyo sababu hasira zangu zilikuwa zikiisha pale anapovua viatu mlangoni. Mke aliyekubali akijua ana mahali pa kuiweka hasira yake. Aliyefichwa hana.

Sasa mfikirie yule binti. Ameelezwa kuwa anaolewa na mwalimu wa historia, hanywi, havuti, anasali, anawatunza wazazi wake. Yote ni kweli na nilijivuna yaliposomwa mbele ya wazee wake. Hakuelezwa kwamba baada ya isha mumewe huketi mbele ya tivii na pedi mkononi. Atakuja kuliona mwenyewe juma la pili la ndoa. Na siku hiyo hatajiuliza habari za gemu, baba. Atakumbuka kwamba mama yake alijibiwa ni ya mtoto, na atajiuliza nini kingine alichojibiwa hivyo. Simu yako atakuwa anaitazama kwa jicho jingine. Ukichelewa shuleni atahesabu dakika. Utakuwa umefungua mlango wa shaka kwa ajili ya kitu ambacho si haramu, si wizi, si mwanamke mwingine.

Halafu hili la mpwa wako limeniuma peke yake. Mtoto anakuja harusini. Dada yako mkubwa amekwisha kumshonea kanzu. Mkweo ni mtu wa kuzungumza na watoto, nimemwona. Atamshika kichwa amwambie, "Ile mashine yako umekuja kuichukua?" Na mtoto atasema hana mashine, kwa sababu hana. Umemtia mtoto wa miaka 6 katika uongo asioujua, mbele ya watu wazima, siku ya furaha. Njia ya muongo ni fupi, na yako ni fupi kiasi cha kutoka Amu hadi Malindi.

Najua kwa nini ulificha. Usifikiri sijui. Ulipokuwa chuo, ukija likizo na mashine ile ya kwanza uliyoinunua kwa pesa za kufundisha watoto wa watu masomo ya jioni, wageni wakibisha hodi nilikuwa naitupia leso. Naitandika vizuri, naweka na chetezo juu, ionekane meza. Wewe uliniangalia tu. Nilikuwa nikiona naihifadhi heshima yako. Ulichojifunza pale sikijui, hukuniambia, nami sikukuuliza.

Lakini ile leso imechakaa na wewe sasa una nyumba yako. Kwako usitandike kitu.

Watu watasema, hilo haliepukiki. Wamesema tangu siku za kile chumba cha gemu cha mtaa wa Langoni, ambazo sina haja ya kukukumbusha, unazijua kuliko mimi. Watasema mtu mzima na vichezeo. Watasema mwalimu gani huyu. Wazazi wa wanafunzi wako huenda wakanong'ona. Lakini jaribu kuwatazama hao wanaosema wakifanya nini. Yule jirani yetu aliyemwambia baba yako "mwanao bado hajabaleghe" anakaa kwenye mchezo wa keram kutoka alasiri hadi magharibi, vidole vyeupe kwa unga, na akipoteza hasemi na mtu. Wazee wa bao wana kete 64 na ugomvi wao. Wamo walionuniana kwa sababu ya mtu kudaiwa alihesabu vibaya. Walimu wenzako wanalala usiku wa manane kwa mpira wa Uingereza, wanavaa jezi zenye jina la kijana mdogo kuliko wanafunzi wao wa zamani. Hakuna aliyewaita watoto. Na mimi sisemi waitwe. Mtu aliyefanya kazi mchana kutwa ana haki ya kitu cha kumtuliza akili. Ninachouliza ni kwa nini bao ni busara na gemu ni utoto, wakati vyote viwili mtu anakaa, anafikiri, anashinda au anashindwa, anainuka. Nimelifikiria hili kwa muda mrefu na sijapata jibu ila kwamba bao walilikuta kwa babu zao na gemu hawakuikuta.

Baba yako naye alikuwa katika hao. Siku moja alisema mbele ya dada yako kwamba gemu ni za watoto wasio na kazi, dada yako akamkalia kooni. Akamweleza habari za yule kijana wa Pakistan, wa Lahore, Arslan Ash wanamwita, ambaye mwaka 2019 alishinda mashindano makubwa ya Tekken, gemu ya mapigano, huko Japani na kisha Las Vegas, mwaka uleule mmoja, na wengi wa waliobobea hawakuwa hata wakijua Pakistan kuna wachezaji. Akamweleza habari za Sylvia Gathoni, Mkenya mwenzetu, aliyesomea sheria na kuchukuliwa na timu ya nje mwaka 2018 kwa Tekken hiyohiyo. Akamwambia kwamba katika Michezo ya Asia ya Hangzhou, mwaka 2023, gemu zilikuwa na medali za dhahabu kama riadha na kuogelea. Baba yako alinyamaza. Jioni nikamsikia barazani anawasimulia wenzake habari za kijana wa Lahore, kana kwamba amezaliwa Mkomani.

Nilifurahi, lakini niliona pia kasoro ya hoja hiyo, na nataka uione. Watu huusamehe mchezo ukileta pesa au sifa. Wewe hukuletewa pesa na gemu, wala huna haja. Usimwendee binti wa watu na habari za mabingwa wa Las Vegas ukadhani umejitetea. Wewe si bingwa. Wewe ni mtu anayependa kitu, basi, na kupenda kitu kunatosha. Baba yako hakuwahi kupata hata kombe la bati kwa bao lake.

Mimi mwenyewe nilikuwa sielewi mpaka ile likizo uliponiketisha ukanipa pedi mkononi. Ile gemu ya Misri ya kale, ya kampuni ya Ubisoft, uliyosema waliifungulia sehemu maalumu mwaka 2018 isiyo na vita wala damu, ya kutembea na kujifunza tu, na kwamba wataalamu wa historia ya Misri wameitia mkono. Vidole vyangu havikujua pa kwenda. Nikawa nagonga ukuta, narudi nyuma, naingia kwenye nyumba za watu. Kisha nikashika njia. Nikatokea bandarini Iskandaria na ule mnara wa taa ukasimama mbele yangu, mkubwa, na vyombo chini yake vimeshusha matanga. Nilinyamaza kwa sababu nilimkumbuka babu yako baharia. Nikauliza hawa watu wote sokoni wanaenda wapi, ukanijibu kila mmoja ana shughuli yake, ukaniambia nimfuate mmoja nione. Nikamfuata mwanamke mwenye kapu. Alikwenda akasimama kwa muuza samaki. Nilikaa nikamtazama.

Ndipo ukaniambia habari za yule msafiri Ibn Battuta, kwamba huyohuyo aliyepita Mombasa na Kilwa mwaka 1331 alikuwa ameuona mnara ule miaka michache nyuma, ukiwa umebomoka upande mmoja, na aliporudi Iskandaria baadaye akakuta hauingiliki tena. Ulikuwa ukizungumza na macho yako yanang'aa, na mimi nikawa nakutazama wewe badala ya tivii. Nilisema moyoni, kumbe wanafunzi wake ndivyo wanavyomwona. Sijakuambia hilo hadi leo.

Basi kama hujui pa kuanzia na mchumba wako, anzia hapo. Akija na shangazi yake, mketishe, mpe pedi, mwache agonge ukuta. Mwonyeshe mnara. Huenda akapenda, huenda asipende. Lakini atakuwa amekuona jinsi nilivyokuona mimi. Mwambie kabla ya nikaha, mwanangu.

Mwambie pia habari za wenzako. Hilo nililijua kwa bahati, ulipopangiwa kazi ile ya kwanza bara, mahali ambapo hukuwa na ndugu wala mtu wa kukusalimu kwa Kiamu. Nilikuwa nakupigia usiku nasikia vicheko. Ukasema ni fulani yuko Doha, na fulani yuko Mombasa, na mwingine bado yuko hapa Amu, mmekutana ndani ya gemu, mnacheza na huku mnazungumza. Nililala vizuri usiku ule. Vijana wa madrasa moja wametawanyika na kazi, na baraza yao imehamia humo. Yule wa Doha alipofiwa na mama yake, wewe ndiwe uliyeniambia kabla ya msiba kutangazwa msikitini. Mke akilijua hilo hatakuonea wivu kwa saa zako. Asipolijua, atasikia mumewe anacheka usiku na watu asiowajua, na atawaza la kuwaza.

Sasa nikuseme kidogo, kwa sababu sitaki udhani mama yako amegeuka wakili wako.

Binamu yako muuguzi alinieleza kwamba Shirika la Afya Duniani limeutia ulevi wa gemu katika orodha ya magonjwa. Waliipitisha mwaka 2019 na ikaanza kutumika Januari 2022. Nilishtuka. Nikamwambia anifafanulie, nikakuweka wewe mbele ya kila neno alilosema. Kwanza, mtu ashindwe kujizuia, kuanza na kuacha. Pili, gemu ishinde kila kitu, kazi, chakula, watu wake. Tatu, aone madhara na aendelee au azidi. Na hayo yawe yamedumu, kwa kawaida miezi 12 au zaidi, na yameharibu maisha yake. Wewe kazi yako hujaikosa. Karo ya dada yako umeilipa kila muhula, na nilipokuwa nimelazwa hukuondoka kitandani pangu. La kwanza na la tatu uko salama, nimeridhika. Lile la pili nimelisita katika jambo moja, nalo ni alfajiri. Likizo iliyopita nimekuamsha kwa kugonga, nikakuamsha kwa kuita, mpaka baba yako akatoka akaenda peke yake. Uso wako saa nne asubuhi ulikuwa wa mtu aliyekesha. Mkeo haolewi awe mwadhini wako. Ukiwa na darasa asubuhi, zima saa 4 usiku. Usiku wa kuamkia Jumamosi na Jumapili mnaweza kupatana wawili.

Jingine ni kamari, na hapa sina huruma. Dada yako ameniambia kuna gemu, hata hizo za mpira, zinazouza vifurushi vilivyofungwa. Unalipa pesa ya kweli, hujui ndani mna nani, ukifungua huenda ukapata mchezaji mkubwa au huenda ukapata takataka. Nchi ya Ubelgiji ililitazama jambo hilo mwaka 2018 wakasema ni kamari, na mwaka uliofuata wenye gemu ya FIFA wakaacha kuziuza huko pesa za kununulia vifurushi. Ikiwa Wabelgiji wameliona, wewe uliyesoma madrasa hapa Amu hulioni? Sikutuhumu. Lakini sijasikia kwako kwamba hununui, na ningependa kusikia. Ukitaka gemu, nunua gemu yote kwa bei inayojulikana, ucheze. Pesa ya kubahatisha isitoke katika mshahara unaolisha nyumba. Ukimwambia binti habari ya gemu, mwambie na hili, ili akijua ajue na mipaka uliyojiwekea.

Na chakula. Nilipata kujifunza, baada ya kukuita na kukuita, kwamba zile mnazocheza na watu kwa mtandao hazisimamishwi upendavyo. Ukiinuka katikati unaonekana umekimbia na mwenzako ameachwa peke yake. Zile za hadithi unaweza kuzisimamisha ukala ukarudi. Mimi niliijua tofauti hiyo nikaacha kukasirika, nikawa nauliza kwanza, "Hii inasimama au haisimami?" Mkeo hawezi kuijua mpaka umwambie. Usianze mechi kama harufu ya nazi imeshatoka jikoni. Baba yako hakuwahi kulielewa hilo, na wewe una akili kumzidi katika mambo ya nyumbani, ingawa usimwambie nimesema.

Ukiwa na watu wa nje, chunga ulimi. Usiku mmoja nilisikia kupitia ukutani kijana fulani anakutukana kwa Kiingereza, matusi ya nguoni, na nikangoja nisikie utajibu nini. Hukujibu. Ulimzima sauti ukaendelea kucheza. Nilishukuru Mungu, nikageuka upande wa pili. Lakini vaa zile za masikioni, maana watoto watakuja, inshallah, na hawatachagua cha kusikia.

Habari za nyumba. Boriti mbili za ukumbi wa msana zimeliwa na mchwa, fundi amekuja akazigonga, anasema zitafika hadi baada ya harusi lakini si zaidi. Sakafu ya darini karibu na ngazi inavuja mvua ikikaza, tumeweka ndoo. Chokaa baba yako atainunua mwenyewe, usitume pesa kwa hilo. Tuma za boriti ukiweza, na usipoweza useme. Birika la maji tumelisafisha, wale samaki wadogo wamezaana, mbu wamepungua. Yule punda mzee wa mjomba wako amepelekwa kwa wale madaktari wa punda hapa mjini kwa ajili ya kwato, amepona. Embe za shamba mwaka huu ni chache, achari ya harusi itabidi tununue embe Mpeketoni.

Kofia yako ya vito iko kwa fundi, imebaki safu ya juu. Kanzu usinunue huko, ya baba yako aliyooa nayo imesafishwa, ijaribu kwanza. Mikeka nimeagizia Matondoni, mikubwa, ya kutandikia wanaume. Haluwa tutabeba kutoka hapa kwa sababu mkweo ameitaja mara mbili na nimemwelewa.

Safari yetu itakuwa hivi. Tutavuka kwa boti ya mapema kwenda Mokowe, tupande basi la asubuhi, tupite Witu na Garsen, na tukijaliwa adhuhuri au baadaye kidogo tuko Malindi. Tutakuwa wengi na mizigo. Shangazi ana nafasi ya wanawake, wanaume watalala kwako. Kwa hiyo watu watakuwa ndani ya nyumba yako, watu wa huku na watu wa kule, na mashine iko palepale chini ya tivii. Sitaki nikukute umeipeleka kwa rafiki. Shangazi amenidokezea kwamba umekwisha kuuliza kama anaweza kukuwekea. Nimemwambia akatae.

Nakujua unavyofikiri. Utasema binti ana heshima sana, utasema baba yake ni mkali, utasema nitamwambia baadaye akishanizoea. Akishakuzoea atakuwa amemzoea mtu asiye wewe. Baba yake mwache. Wewe humwoi baba yake. Na kama binti atasema hapana kwa sababu ya pedi mbili na mashine, basi ni bora aseme sasa, mahari hayajatolewa na mialiko haijachapishwa, kuliko aje alitamke ndani ya nyumba na watoto wanasikia. Sidhani atasema hapana. Nilimtazama siku ya posa. Alikuwa akisikiliza wazee wakizungumza, na lilipotajwa somo unalofundisha aliinua macho. Msichana anayeinua macho kwa historia ataweza kuelewa Iskandaria.

Mimi sijui kucheza na sitajifunza, umri umekwenda. Lakini sioni haya juu yako, na nataka ulijue hilo kutoka kwangu kabla hujalisikia kwa mtu mwingine. Akija mgeni hapa leo akaniuliza mwanao wa Malindi anafanya nini jioni, nitamwambia anasahihisha madaftari, kisha anacheza gemu na wenzake. Nimekwisha kumwambia jirani wa keram. Alinyamaza.

Nipigie Ijumaa baada ya swala. Usinipigie kabla hujazungumza naye, maana nitakuuliza na sitaki uongo mwingine katika jambo hili. Ukizungumza naye, mpe simu nami nimsalimie, na umuulize mapazia yawe ya rangi gani, kwa sababu mama yake anataka kahawia na shangazi yako amekwisha kununua kijani, na ikiwa ni ya kurudishwa lazima ijulikane kabla ya Jumatatu.

Dada yako anakusalimu, anasema umletee chaja yake uliyoondoka nayo. Baba yako anasema uje na mkanda wa kupimia, wa kwake umepotea.

Ni mimi mamako,
Amu